Chokaa na Bahari

Nalizaliwa katika nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa, nikalelewa kwa chokaa, na nikasomeshwa kwa chokaa. Baba yangu alikuwa mchoma chokaa katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini ya Tanzania, karibu na mji wa kale wa Mikindani. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na kwa muda mrefu nalidhani kuwa mimi nami ningeirithi kwake. Badala yake nalipelekwa shule, shuleni nikafundishwa kemia, na kemia ikanirudisha kwenye tanuu la baba yangu kwa njia ambayo yeye na mimi sote hatukuitazamia. Insha hii ni habari ya safari hiyo. Ndani yake nitasema mengi juu ya maji ya bahari, lakini msomaji ataona kuwa nia yangu hasa ni kulipa deni.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Wakati wa bamvua, maji yalipokupwa sana, wanaume walikwenda mwambani kwa madau, wamechukua mitarimbo. Walivunja matumbawe, yaliyo hai na yaliyokufa, wakayapakia mpaka maji yakakaribia ukingo wa dau. Yaliletwa ufuoni yakaachwa juani. Tumbawe lililo hai likikaa nje ya maji siku moja hunuka, na harufu ile ndiyo harufu ya utoto wangu. Kisha magogo ya mikoko na minazi yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, na mawe yakarundikwa juu yake. Moto ulitiwa jioni ukawaka usiku kucha. Ulipozimika na rundo likapoa, baba alilinyunyizia maji. Hapo mawe yalitoa mvuke kama chungu kilichofunuliwa, yakalia, yakapasuka, yakageuka unga mweupe. Sisi watoto tulikatazwa kusogea, kwa maana unga ule hula macho na ngozi. Waashi waliununua, na fedha yake ikanunua sare yangu, madaftari yangu na kalamu yangu.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa chuo kikuu mwalimu wetu wa kemia aliandika ubaoni mlinganyo wa jiwe la chokaa likichomwa. Alisema kuwa jiwe hilo, liwe limechimbwa mlimani au limetoka baharini, ni muungano wa kalsiamu, kaboni na oksijeni. Likipata joto la nyuzi kama 900 hugawanyika: kila kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 za chokaa kali, na kilo 44 zilizobaki hupaa hewani zikiwa hewa ya ukaa, ile ile tuitoayo puani tukipumua. Chokaa kali ikitiwa maji hulainika. Ikipakwa ukutani huanza kuinywa tena ile hewa iliyoipoteza, polepole, kwa miezi na miaka, hata ikarudi kuwa jiwe. Naliketi kimya darasani, nikitazama hesabu ile kama mtu aliyeona jina la baba yake limeandikwa ubaoni. Nalifahamu kwa mara ya kwanza kwa nini rundo letu lilikuwa zito jioni na jepesi asubuhi. Nalifahamu pia siri ya kuta za Kilwa Kisiwani, za Msikiti Mkuu na za Husuni Kubwa, ambazo Ibn Battuta aliukuta mji wake ukiwa na fahari mwaka 1331. Kuta zile ni matumbawe yaliyoungwa kwa matumbawe. Waashi wa kale waliyavunja mawe ya bahari kwa moto, kisha upepo ukawasaidia kuyafanya mawe tena.

Tangu siku hiyo nalianza kuuliza swali ambalo mtoto wa pwani hulipita bila kuliona: jiwe lile, kabla ya kuwa jiwe, lilikuwa wapi? Jibu ni kuwa lilikuwa majini. Hapa yanipasa kuingia katika habari ya maji yenyewe.

Kilo moja ya maji ya bahari kuu ina chumvi ya gramu karibu 35. Katika gramu hizo, klorini ni 19 na kidogo, sodiamu karibu 11. Hizi mbili zikikutana ndizo chumvi ya mezani. Zinazobaki ni salfeti, magnesi, kalsiamu, potasiamu, na vitu vingine vingi kwa uchache wa ajabu. Wachimba chumvi wa pwani yetu huijua tofauti hiyo bila kitabu. Maji yakikauka katika majaruba, chokaa hutangulia kutuama, kisha jasi, kisha chumvi. Yabakiyo mwisho ni maji machungu ya magnesi, nayo mwenye busara huyamwaga.

Ajabu iliyo kubwa zaidi ni kuwa mizani ya vitu hivyo ni moja duniani kote. Alexander Marcet alilidokeza jambo hili mwaka 1819. Baadaye meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia kuanzia mwaka 1872 hata 1876, ikateka maji ya juu na ya vilindini. William Dittmar aliyapima maji hayo katika chupa 77, akatangaza matokeo yake mwaka 1884. Aliona kuwa chumvi yaweza kuzidi hapa na kupungua kule, kwa kadiri ya mvua, mito na jua, lakini uwiano wa vitu vikuu vilivyomo haubadiliki ila kidogo sana. Bahari ina chungu kimoja na mpishi mmoja. Akiongeza maji, mchuzi huwa mwepesi, lakini viungo vyake ni vile vile.

Lakini viungo hivyo vilitoka wapi? Watu husema kuwa mito huosha nchi na kupeleka chumvi baharini. Ni kweli, lakini si kweli yote. Maji ya mito ya dunia, yakipimwa kwa jumla, yana kalsiamu nyingi kuliko sodiamu. Mto Ruvuma, ambao mlango wake hauko mbali na kijiji chetu, hauna ladha ya chumvi hata kidogo. Ikiwa mito huleta kalsiamu zaidi, mbona bahari imejaa sodiamu, na kalsiamu yake haifiki hata nusu gramu katika kilo? Jibu lake naliona kuwa ni mojawapo ya mambo mazuri niliyopata kusoma. Sodiamu haitafutwi sana na viumbe. Huingia baharini ikakaa humo mamilioni ya miaka. Kalsiamu hutafutwa na kila mjenzi: chaza, konokono, kaa, tumbawe, na wadudu wadogo waeleao wasioonekana kwa macho. Hao huiteka majini, wakaiunga na kaboni, wakajenga magamba na nyumba. Wakifa, nyumba zao hushuka chini zikawa miamba. Kwa hiyo bahari ni tajiri wa kile kisichotakiwa na ni maskini wa kile kitafutwacho. Ladha ya chumvi tuionjayo ulimini ni ladha ya masazo; karamu yenyewe imekwisha kuliwa.

Sheria hiyo yatawala hata katika mambo madogo zaidi. Kila kiumbe cha baharini chahitaji naitrojeni na fosforasi, nazo ni haba mno katika maji ya juu ya nchi za joto. Alfred Redfield, katika kazi aliyoianza kuitangaza mwaka 1934, alionyesha kuwa mimea midogo ya bahari ina uwiano wake wa vitu hivi, nao ni karibu kaboni 106 kwa naitrojeni 16 kwa fosforasi 1, na kwamba naitrojeni na fosforasi zilizoyeyuka katika maji ya vilindini hukaribia uwiano huo huo. Viumbe na maji yao wamefanana kama mkono na glavu, na si rahisi kusema nani alimfuata mwenzake. Upepo wa kusi uvumapo kwa nguvu huko pwani ya Somalia, maji baridi ya chini huinuka yakileta chakula hicho, na samaki huwa wengi. Kwetu sisi, maji ya buluu yanayosifiwa na wageni ni maji ya njaa: yameng'aa kwa sababu ndani yake mna kidogo. Katika jangwa hilo mwamba wa matumbawe ni kama bustani. Mnyama mdogo wa tumbawe amewakaribisha mwilini mwake mimea midogo sana. Mimea humlisha sukari iliyopikwa kwa jua, naye huilisha taka zake. Kisichopotea nyumbani hakihitaji kununuliwa sokoni. Kwa ukarimu huo wa pande mbili, tumbawe hupata nguvu ya kujenga.

Hata samaki anayeishi humo hana raha ya bure. Damu ya changu ina chumvi karibu theluthi ya ile ya bahari. Kwa hiyo maji humtoka daima, naye hana budi kunywa bahari mchana na usiku na kuitoa chumvi kwa matamvua yake. Papa amechagua njia nyingine: huiweka mwilini mwake yurea, ambayo wanyama wengine huitupa pamoja na mkojo, hata damu yake ikalingana na uzito wa bahari. Yeyote aliyepata kupika papa mkavu, akaifungua madirisha ya nyumba kwa harufu, amekwisha kuinusa hesabu hiyo. Binadamu hakupewa njia yoyote katika hizi. Figo zake haziwezi kuitoa chumvi kwa wingi upasao, na mvuvi aliyepotea akinywa maji ya bahari hupoteza maji mengi kuliko aliyoyapata. Ndiyo maana wazee walisema kuwa bahari haikidhi kiu.

Kwa elimu hii changa nalirudi nyumbani likizo ya kwanza. Nalimwamkia baba, nikala, nikalala. Siku ya pili, mbele ya wanaume waliokuwa wakipanga magogo, nikaanza kusema. Nalisema kuwa kilo moja ya tumbawe kavu ina kalsiamu sawa na iliyomo katika tani nzima ya maji ya bahari. Nalisema kuwa tumbawe la duara hukua kadiri ya sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo lenye kimo cha nusu mita lina umri wa miaka kama 50, nao huliteketeza kwa usiku mmoja. Nalisema kuwa wanachoma nyumba za samaki, kisha wanawauliza wavuvi samaki wamekwenda wapi. Kila nilichosema kilikuwa sahihi. Namna niliyokisema ilikuwa aibu.

Wanaume walinyamaza kwa heshima ya baba. Yeye alilipanga gogo alilokuwa nalo, akapangusa mikono, akaniuliza: "Mwanangu, hiyo kalamu uliyoandikia hesabu yako niliinunua kwa nini?"

Nalijibu, "Kwa chokaa, baba."

"Basi nawe umo tanuuni," akasema, akaendelea na kazi yake.

Sikulala usiku ule. Moto uliwaka ufuoni, na kwa mara ya kwanza nalihesabu ada zangu kwa matumbawe. Naliona kuwa mtu aweza kuwa na haki katika hesabu na asiwe na haki katika hukumu. Baba yangu hakuwa na shamba la kutosha, wala nyavu, wala mshahara. Alikuwa na mwamba, kuni na mikono yake. Aliyekula kwa mkono huo hana ruhusa ya kuuita mchafu kabla hajaonyesha mwingine safi.

Baba aliacha kuchoma chokaa mwaka 1996, lakini si kwa sababu ya maneno yangu. Mama yangu alikuwa akienda mwambani na wanawake wenzake kutafuta pweza maji yakipwa. Jioni moja alirudi na kijiti chake kikavu, akasema bila hasira, "Pweza amehama. Hana mlango wa kuingia." Baba alimsikiliza. Mwezi uliofuata aliuza mitarimbo yake, akaingia shirika katika chombo cha nduguye. Nyumba ikapata njaa mwaka ule na mwaka uliofuata. Nataka jambo hili liandikwe: kwamba mchoma chokaa mmoja aliacha, na aliacha kwa gharama yake mwenyewe.

Katika Aprili 1998 nalikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, nikaja nyumbani likizo. Baba hakunipa nafasi ya kupumzika. Alinipakia katika dau akanipeleka kwenye mwamba ambao kwa miaka miwili hakuna mtarimbo ulioufikia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Naliinama nikatazama, nikadhani natazama rundo letu la asubuhi. Matumbawe yalikuwa meupe, pembe kwa pembe, yamesimama mahali pake, hayakuvunjwa. Mwaka ule bahari ya Hindi ya magharibi ilikuwa imepashwa joto kuliko desturi, na katika sehemu nyingi, tangu Kenya mpaka Visiwa vya Shelisheli, matumbawe yalipauka na mengi yakafa. Joto likizidi nyuzi moja tu juu ya kiasi cha kawaida cha majira ya joto, likadumu kwa majuma, ile mapatano ya mnyama na mimea yake huvunjika. Mimea hufukuzwa, mnyama hubaki mwangavu, na mifupa yake myeupe huonekana kupitia mwili, asipoipata tena mimea hiyo, hufa kwa njaa.

Baba alishika kasia, hakupiga. Akaniuliza, "Na haya nani kayachoma?"

Nalimweleza habari ya joto, kwa kuwa ndilo nililolijua. Aliitikia kwa kichwa, lakini naliona kuwa sikumjibu. Swali lake lilikuwa juu ya nani, nami nalimweleza namna gani. Jibu lililobaki lilinichukua miaka.

Nalilipata katika ile ile kilo 44 iliyopaa ubaoni. Kila kitu chenye kaboni kikichomwa, kiwe ni gogo, makaa ya mawe au mafuta, hutoa hewa ya ukaa. Charles Keeling alianza kuipima hewa hiyo mfululizo juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, mwaka 1958. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa sehemu karibu 280 katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420. Hewa hiyo huizuia dunia kutoa joto lake, na kila majira ya joto kali ya asili, kama yale ya mwaka 1998, huja juu ya msingi uliokwisha inuliwa. Wala si joto peke yake. Bahari humeza karibu robo ya hewa ya ukaa itolewayo na watu. Ikiingia majini hufanya tindikali dhaifu, na tindikali hiyo huitwaa kabonati ambayo tumbawe na chaza waliikusudia kwa ujenzi, ikaigeuza kitu kingine kisichowafaa. Katika kipimo cha ukali kilichowekwa na Sørensen mwaka 1909, maji ya juu ya bahari yalikuwa karibu 8.2, na sasa ni karibu 8.1. Tofauti yaonekana ndogo, lakini kipimo hicho huhesabu kwa marudufu ya kumi, na maana yake ni kuwa chembe za ukali zimeongezeka kwa robo nzima. Bahari haijawa siki. Ingali upande wa magadi. Lakini mjenzi ambaye kila siku hupunguziwa tofali moja hana haja ya kungoja nyumba imwangukie ndipo ajue kuwa amedhulumiwa.

Basi tanuu la baba yangu na tanuu kubwa la dunia hufanya kazi moja. La kwanza lilimvunja tumbawe kwa mtarimbo. La pili humvunja kwa maji anayoishi ndani yake. La kwanza lilionekana moshi wake kutoka barabarani, likakatazwa na kila mpitaji. La pili moshi wake ulitoka nchi za mbali ambazo matajiri wake hawajapata kuuona mwamba wetu, na hata saruji iliyoshika mahali pa chokaa yetu huchomwa kwa mawe ya chokaa katika viwanda, nayo hutoa hewa ile ile. Sisemi haya ili kuitakasa familia yangu. Mwamba tuliouvunja haukuvunjwa na mtu mwingine. Nasema tu kuwa mizani ipimayo gramu ya kalsiamu katika tani ya maji isishindwe kupima dau moja na bandari mia.

Nalimpelekea baba jibu hilo alipokuwa mzee sana, amekaa barazani akisuka kamba. Nalimwambia, "Baba, uliniuliza nani kayachoma. Tumeyachoma sote, ila si kwa kiasi kimoja."

Alifikiri kidogo, akavuta kamba yake, akasema, "Basi na malipo yasiwe ya kiasi kimoja."

Kila mwaka, katika somo la kwanza la kemia, huwapa wanafunzi wangu kipande kidogo cha tumbawe kilichookotwa ufuoni na tone la siki. Povu hutoka, nao hucheka. Nawaambia kuwa povu lile ni pumzi ya bahari iliyofungwa katika jiwe kabla hawajazaliwa, na kwamba mtu mmoja aliifungua kwa moto ili mimi nipate kusoma. Kisha nawapa kalamu, nawaamuru wapime uzito wa kilichobaki.